Kuripoti kwa siri: maana yake kwa aliyebakwa

Ukisema Ngamiani, hapa mjini Tanga, "fulani karipoti", watu wanaelewa kaenda polisi, na kabla ya magharibi barabara ya pili na ya tatu zishajua. Wengi wananyamaza kwa kuiogopa hiyo safari tu. Kuripoti kwa siri ni jambo jingine: unamweleza mtu ambaye kazi yake inamfunga asitoe habari zako, unatibiwa, unapata ushauri, na la kufungua kesi unaliamua mwenyewe, leo au baadaye.

Si sawa na taarifa isiyo na jina. Anayepiga simu bila kujitaja hajulikani na mtu, lakini hawezi kupewa dawa. Kwenye siri jina lako limeandikwa, ila wanaolisoma ni wachache. Jeshi la Marekani limezitenganisha njia mbili tangu 2005: askari akichagua ile yenye mipaka, anahudumiwa bila makamanda kuambiwa jina lake na bila upelelezi kuanza. Anaweza kuhamia ile ya wazi baadaye. Ukishaanza na ya wazi huwezi kurudi nyuma.

Kwetu Tanga hakuna fomu mbili za namna hiyo. Siri inategemea mlango ulioanza nao. Dawati la Jinsia na Watoto linakusikiliza faraghani badala ya kaunta, na hilo ni jema, lakini ni polisi: ukieleza jinai pale, tegemea jalada. Hospitalini unalindwa na siri ya mgonjwa. Mimi ningeanzia hospitali, kwa sababu saa zinakwenda. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Za kuzuia mimba nazo zinywewe kabla siku tano hazijapita. Ukiweza usioge kwanza, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni huozesha ushahidi. PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, ni ya kesi. Matibabu ya dharura hayapaswi kuingojea.

Wapo wanaokimbilia kwa somo, yule mwanamke aliyewafunda. Somo wa kweli anajua kufunga mdomo, tena atakushika mkono hadi hospitali. Wa kuogopwa ni anayekwambia "tuyamalize nyumbani" na kutaja faini: huyo siri anayoilinda ni ya mbakaji.

Kwa aliye chini ya miaka 18 siri hii ina ukomo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na simu ya bure ya watoto ni 116. Hivyo muuguzi asimwahidi binti wa miaka 15 kwamba hatamwambia mtu. Mtu mzima naye ana haki ya kuuliza kabla hajaanza kueleza: nikikwambia, nani mwingine atajua?