Dai la hakimiliki si straiki

Msimu wa harusi ukipamba moto Mombasa, wapiga video huwa na kilio kimoja. Video imepandishwa YouTube usiku, asubuhi barua pepe imeingia, na kabla ya saa sita mji mzima wa wapiga video unajua kwamba chaneli ya fulani "imepigwa straiki". Mara nyingi haikupigwa chochote. Kilichoingia ni dai, na dai haliji hata kwa njia ile ile inayoleta straiki.

Dai ni alama ambayo mtambo unaiwekea video moja, kwamba ndani yake mna sauti au picha ya mtu mwingine. Straiki ni adhabu ya chaneli nzima, baada ya mwenye haki kuandika ombi la kisheria video iondolewe. Maana ni hiyo tu. Vurugu huanza kwenye chimbuko la kila moja, ambalo wengi hawajishughulishi nalo.

Straiki imetokana na sheria ya Marekani ya 1998, iitwayo DMCA. Sheria hiyo inaikinga kampuni inayohifadhi kazi za watu isibebeshwe makosa ya wanaozipandisha, ila kwa masharti: ikiarifiwa, iondoe upesi, na iwe na utaratibu wa kuwafungia wanaorudia makosa. Sheria haikutaja idadi. Hesabu ya straiki tatu ndani ya siku 90 ni ya YouTube yenyewe. Kenya nayo ilitunga utaratibu wake wa maombi ya kuondoa kazi mtandaoni, katika marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki, lakini fomu ya YouTube inafuata ile ya Marekani.

Dai, kwa upande wake, halimo kabisa katika DMCA. Linatokana na Content ID, mtambo ambao YouTube iliuzindua mwaka 2007, mwaka ule ule ambao Viacom iliishtaki ikitaka zaidi ya dola bilioni 1. Mwenye wimbo, au msambazaji wake, anaukabidhi mtambo nakala, na kila video inayopandishwa inalinganishwa nayo. Zikilingana, mtambo unatekeleza alichoagiza: ifungwe, au iachwe fedha za matangazo ziende kwake, au iachwe yeye atazame takwimu tu. Agizo laweza kutofautiana nchi kwa nchi, ndiyo maana video inafunguka Kisauni na jamaa walioko Muscat wanaambiwa haipatikani. Mara nyingi hakuna binadamu aliyekaa akakuonea kijicho.

Anayechanganya haya mawili hutumia dawa ya ugonjwa mwingine. Aliyepata dai hukimbilia kuifuta video, na mteja wake akaikosa bure, wakati chaneli haikuwa hatarini. Aliyepata straiki naye hufuta akidhani kayamaliza, kumbe kufuta video hakuondoi straiki. Straiki huondoka kwa njia tatu tu: kumaliza somo la hakimiliki na kungoja siku 90, aliyelalamika kuondoa ombi lake, au kuandika pingamizi la kisheria. Hilo la tatu si la kujaza kwa hasira. Unatoa jina lako kamili na anwani, vinakabidhiwa mlalamikaji, na unakubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Yeye anakuwa na siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi; asipofanya hivyo, video hurudi.

Kwa dai, ingia YouTube Studio, pale unaposimamia chaneli yako, kwenye orodha ya video, utazame safu ya vizuizi na ubonyeze neno la hakimiliki. Utaonyeshwa wimbo, anayedai, na kuanzia dakika ipi hadi ipi. Waweza kukata kipande, kubadilisha wimbo au kuunyamazisha. Ikikubali, dai huondoka lenyewe. Kunyamazisha wimbo pekee na kubakisha sauti nyingine hushindwa sana kwenye harusi, kwa sababu taarabu iliingia kupitia maiki ya kamera pamoja na vigelegele. Ukinyamazisha kila kitu, biarusi anaingia ukumbini kama filamu ya bubu. Muziki uliouongeza mwenyewe wakati wa kuhariri una nafuu, mradi umeuweka kwenye mstari wake na hukuitupa faili ya kazi: unauzima, unatoa video upya.

Kupinga dai kunafaa kama una haki kweli. Anayedai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linaanguka. Akikataa, waweza kukata rufaa, naye ana siku 7. Akishikilia tena inambidi alete ombi la kisheria, na hapo ndipo straiki huzaliwa. Kwa hiyo ubishi usio na msingi ndio unaogeuza dai kuwa straiki. "Nimetumia sekunde 30 tu" si msingi. "Sina nia ya kuvunja hakimiliki", ile sentensi inayobandikwa chini ya video, ndiyo kwanza inakiri. Leseni ya kupiga muziki ukumbini nayo haifiki mtandaoni. Wenye msingi ni kama msanii anayedaiwa wimbo wake mwenyewe na msambazaji aliyempa kazi, au aliyenunua biti iliyouzwa kwa watu kumi na mmoja wao akaisajili kana kwamba ni yake peke yake.

Straiki za kanuni za jamii, kama za matusi au vitisho, zina daftari lake na hazijumlishwi na za hakimiliki. Kuitana watu mia waripoti video moja hakusaidii. Ripoti moja inatosha kuifikisha kwenye ukaguzi, na mia haziifanyi kuwa kosa.

Kuna barua ya tatu, na kwa Mombasa ndiyo nzito kuliko zote: malalamiko ya faragha. Mwanamke aliyeonekana kwenye sherehe ya wanawake peke yao, kichwa wazi, anaweza kulalamika mwenyewe, na aliyepandisha hupewa saa 48 kurekebisha. Hapo wimbo hauhusiki. Tumia kifaa cha kutia ukungu usoni kilichomo Studio, au iondoe, na usingoje saa ya 47.

Basi mwenzako akisema kapigwa straiki, mwambie kwa upole aifungue ile barua na aisome hadi chini. Kama haisemi kwamba kuna mtu aliyeomba video iondolewe, wala kwamba umepewa straiki, wala haitaji faragha, hilo ni dai. Azime wimbo, aihifadhi, na video aiache pale pale.