SUV mseto ya familia: hofu zinazokuzwa na hesabu zinazosahaulika

Familia inayotafuta gari la kubeba watoto, mizigo na bibi mwenye magoti mabovu mara nyingi hujikuta mbele ya magari mawili yanayofanana kwa kila kitu. Moja ni SUV ya petroli ya kawaida. Jingine ni pacha wake mseto, au haibridi kama wengi wanavyoliita, lenye mota ya umeme pamoja na injini ya petroli, betri ya ziada na bei ya juu zaidi. Hapo kila mtu huwa na neno la kusema. Mmoja anaapa kwamba mafuta utayasahau, mwingine anaonya kwamba betri itakufilisi. Wote wawili wana chembe ya ukweli, ila pesa ya familia haitoshi kuwekwa juu ya chembe.

"Haibridi inaokoa mafuta popote unapokwenda"

Inaokoa, lakini si kwa kiwango kimoja kila mahali. Chanzo kikubwa cha akiba yake ni breki. Gari la kawaida linapopunguza mwendo, nguvu iliyonunuliwa kwa petroli huishia kuwa joto kwenye diski na pedi. Gari mseto hugeuza mota yake kuwa jenereta, likarudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri na kuitumia linapoondoka tena. Kwenye foleni injini huzimika kabisa, gari likasogea kwa umeme huku kiyoyozi kikiendelea kufanya kazi, kwa kuwa magari mengi ya aina hii yana kompresa inayoendeshwa na umeme.

Sasa lipeleke barabara kuu, mwendo wa kasi usiobadilika, saa tatu bila kukanyaga breki. Hakuna cha kurudishwa kwenye betri, na injini inapambana na upepo kama injini nyingine yoyote. Mwili wa SUV ni mpana na mrefu, na upepo haujali kilichomo ndani ya boneti.

Tazama Toyota RAV4 ya kizazi kilichoanza na toleo la mwaka 2019. Kwa vipimo vya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, ile ya petroli hunywa karibu lita 8.7 kwa kilomita 100 za mjini, na ile mseto karibu 5.7. Hiyo ni tofauti ya lita 3. Barabara kuu tofauti hiyo haifiki lita 1. Gari ni lilelile na teknolojia ni ileile, lakini faida hupungua zaidi ya mara tatu kwa sababu ya njia tu. Anayeishi kwenye foleni na anayesafiri masafa marefu kila wiki hawapaswi kupewa ushauri mmoja.

"Tofauti ya bei inajilipa yenyewe"

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae na kalamu, kwa sababu wauzaji hupapita haraka mno. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua tofauti ya bei kati ya magari hayo mawili, igawe kwa bei ya lita moja ya petroli mahali ulipo. Utapata idadi ya lita ambazo gari mseto lazima likuokolee kabla hujaanza kufaidi hata senti.

Tuseme umepata lita 1,800, na safari zako ni mchanganyiko wa mji na barabara kuu, unaokoa lita 2 kwa kila kilomita 100. Familia inayoendesha kilomita 15,000 kwa mwaka huokoa lita 300, kwa hiyo itarudisha pesa yake baada ya miaka sita. Inayoendesha 30,000 itairudisha kwa miaka mitatu. Lakini ile ambayo gari lake hupeleka watoto shule ya jirani na kukaa nyumbani, kilomita 6,000 tu kwa mwaka, huokoa lita 120 na itangoja miaka kumi na mitano. Wengi huwa wameshaliuza gari kabla ya hapo.

Mambo mawili huvuruga hesabu hii. La kwanza, gari mseto mara nyingi huuzwa likiwa na mapambo ya juu, kama vile viti vya ngozi, paa la kioo na skrini kubwa. Ukililinganisha na gari la petroli la daraja la chini, sehemu ya tofauti ya bei ni ngozi na kioo, haina uhusiano wowote na mota. Linganisha daraja kwa daraja. La pili, pale ambapo soko la magari yaliyotumika linathamini haibridi, sehemu ya pesa ya ziada hurudi siku ya kuuza, kwa hiyo deni halisi la kufidia ni dogo kuliko lilivyoonekana. Ulizia pia bima kabla ya kusaini, kwani gari la bei ya juu huweza kukatiwa bima ya juu.

"Teknolojia hii ni ya magari madogo"

Dhana hii ina mizizi ya kihistoria. Prius, gari mseto la kwanza kutengenezwa kwa wingi, lilitoka Japani mwaka 1997 likiwa dogo, na picha hiyo ikabaki vichwani. Lakini Ford walileta Escape mseto mwaka 2004, na mwaka uliofuata Lexus wakaja na RX 400h. Kwa hesabu ya lita, kadiri gari linavyokuwa na kiu ndivyo nafasi ya kuokoa inavyokuwa kubwa. Kulishusha gari kutoka lita 12 hadi 8 ni akiba ya lita 4 kwa kila kilomita 100. Kulishusha dogo kutoka 6 hadi 4.5 ni lita moja na nusu. Asilimia zinakaribiana, ila kituo cha mafuta hakiuzi asilimia.

"Betri ikifa, gari limekufa"

Hofu hii ndiyo kubwa kuliko zote, na inatokana na kuchanganya mambo. Watu husikia gharama ya betri ya gari la umeme kamili, wakaihamishia kwenye gari mseto. Betri ya gari la umeme la familia mara nyingi huhifadhi kilowati-saa 60 na kuendelea. Ya SUV mseto isiyochajiwa kwa waya kwa kawaida ina moja au mbili hivi. Bei ya kuibadilisha si ndogo, lakini haikaribii kabisa ile inayotajwa vijiweni.

Tena betri hii haitumiki kama ya simu. Kompyuta ya gari haiiachi ijae kabisa wala iishe kabisa. Huishikilia katikati, na hapo ndipo seli, yaani vibetri vidogo vinavyoiunda, hudumu. Watengenezaji wenyewe wanaonyesha imani yao kwa dhamana. Nchini Marekani, Toyota huidhamini betri ya magari yake mseto kwa miaka 10 au maili 150,000, yaani kama kilomita 240,000, kuanzia matoleo ya mwaka 2020. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 8 au maili 100,000.

Kinachoua betri mapema ni joto. Betri nyingi hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, na familia ndizo huliziba bila kujua: blanketi, begi la shule, manyoya ya mbwa, makombo ya biskuti. Kusafisha tundu hilo na chujio lake ni kazi ya dakika chache. Naisisitiza kwa sababu nadhani betri nyingi zinazolaumiwa kuwa "za kichina" au "zimezeeka" zilinyimwa hewa tu.

Jihadhari pia na fundi anayebadilisha seli moja iliyokufa na kuziacha nyingine. Seli mpya ikifungwa pamoja na zilizochoka, mzigo haugawanyiki sawa, na baada ya miezi kadhaa nyingine inafuata. Na kabla ya kulia, hakikisha tatizo si betri ndogo ya volti 12. Gari mseto nalo linayo, na ikiisha gari haliwaki hata kama betri kubwa ni nzima kabisa.

"Lina vitu vingi, basi huharibika zaidi"

Inategemea muundo. Mfumo wa Toyota, kwa mfano, umeongeza mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota) na nyaya nene za rangi ya chungwa, lakini umeondoa stata, alteneta na klachi, na badala ya gia za kubadilika una seti ya gia za sayari, meno yanayozunguka gia ya katikati, inayogawa nguvu ya injini na mota muda wote. Hyundai Tucson mseto hutumia gia otomatiki sita za kawaida, na mota kati ya injini na gia hizo. Hayo ni magari tofauti kwa fundi, hata kama kibandiko cha nyuma kinasema neno moja. Pedi za breki hudumu zaidi kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi. Oili hubadilishwa kama kawaida, na maji ya kupoza inveta yasisahaulike.

Swali la maana zaidi ni kama karibu nawe yupo fundi mwenye kompyuta ya kusoma mfumo huo na mafunzo ya kugusa umeme wa volti mamia. Kama hayupo, hesabu yako yote inabadilika.

"Mseto ni mseto"

Kuna mseto mwepesi wa volti 48, ambao kwa kawaida hauwezi kusukuma gari kwa umeme peke yake na akiba yake ni ndogo. Kuna mseto kamili, ambao ndio nimekuwa nikiuzungumzia. Na kuna mseto wa kuchaji kwa waya, kama Mitsubishi Outlander PHEV, wenye betri kubwa inayoweza kumaliza safari nyingi za kila siku bila petroli. Huo wa tatu ni mzuri sana kwa mwenye pa kuchaji, tena akichaji kweli. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu za magari halisi barabarani, zikaonyesha kwamba ya aina hii hutoa kaboni dioksidi karibu mara 3.5 ya kiwango cha maabara, hasa kwa sababu wenyewe hawayachaji inavyotarajiwa. Betri ikiwa tupu, unabeba uzito wake bure.

"Halina nguvu"

Mota ya umeme hutoa msukumo wake tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na RAV4 mseto ya 2019 ina nguvufarasi 219 dhidi ya 203 za ile ya petroli. Ila kama unavuta tela, soma kitabu cha gari kwanza. Na pale gurudumu la nyuma linapoendeshwa na mota yake ndogo tu, gari litakusaidia kwenye tope jepesi na utelezi, lakini si la kuingia nalo porini.

"Kilomita chache ni betri nzima"

Anayenunua lililotumika hupenda kutazama dashibodi na kutulia. Gari mseto lililosimama miezi mingi juani linaweza kuwa na betri dhaifu kuliko lililokimbia kila siku. Liendeshe angalau nusu saa, pamoja na mlima. Alama ya chaji ikipanda na kushuka haraka haraka, au feni ya nyuma ikivuma kwa nguvu bila joto la maana, kuna jambo. Kisha fundi aunganishe kompyuta na kusoma volti za kila kundi la seli wakati gari linapanda. Kundi moja likishuka mbali chini ya mengine, betri inakaribia kubadilishwa, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei kabla hujalipa.