Kanzu ikishaungua kwenye picha hairudi

“Mwanga ukizidi, nitaupunguza baadaye.” Hakuna dhana inayoharibu picha za Lamu kuliko hii. Saa sita mchana jua liko utosini, kuta za chokaa na kanzu zinang’aa, na hapo hapo uchochoro ni giza. Simu ikijitahidi kuonyesha uchochoro, kanzu inaungua: inabaki doa jeupe, haina mkunjo wala uzi wa darizi shingoni. Faili ya JPEG, aina ya kawaida ya faili ya picha, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi (nyekundu, kijani na buluu), kuanzia 0 hadi 255. Pale rangi zote tatu zilipogonga 255, hapana kilichohifadhiwa. Punguza mwangaza utakavyo, utapata kijivu kitupu. Faili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera, huacha nafasi zaidi, lakini nayo ina mwisho wake.

Giza lina nafuu: kilichomo mara nyingi huweza kuinuliwa. Kwa hiyo gusa kanzu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ushushe mwangaza mpaka darizi ionekane. Ukija kuhariri, inua vivuli peke yake, usiguse mwangaza wa picha nzima. Chenga zikianza kutokea kwenye giza, punguza kidogo ulivyoinua.

“Rangi zikikolea ndiyo picha nzuri.” Ukikoleza rangi zote pamoja, nyuso zinakuwa za machungwa na bahari inakuwa wino. Mara nyingi tatizo si rangi hafifu, ni rangi ya mwanga wenyewe. Kivulini mwanga unatoka angani, nao ni wa buluu. Ndiyo maana kanzu ya uchochoroni huonekana kama imetiwa buluu ya kufulia. Ongeza ujoto, yaani umanjano wa mwanga, taratibu hadi nyeupe iwe nyeupe, ndipo uamue kama rangi bado zinahitaji kukolezwa.

“Kunyoosha picha hakupotezi kitu.” Kunapoteza pembe. Jahazi lililojaza picha, ukilizungusha hata kidogo, ncha ya foromali, mti unaobeba tanga, inakatwa. Acha nafasi pembeni unapopiga. Na usinyooshe kwa kufuata mlingoti, maana mlingoti wa jahazi huinamia mbele kwa asili yake. Fuata mstari wa bahari.

Kukata nako kuna gharama. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ukibakisha nusu ya kila upande ina 2000 kwa 1500. Kwa pikseli 300 kwa inchi, inatosha karatasi ya takriban inchi 6.7 kwa 5, si bango.

Ama kuongeza ukali ili kuponya picha iliyotikisika, hapana. Ukali hukoleza kingo zilizopo tu, na mtikisiko unazidi kuonekana.

Hariri nakala, asili iache ilivyo, kwani kila ukihifadhi JPEG upya hubanwa tena. Na ukimtumia mchapishaji kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikienda kama picha ya kawaida itapunguzwa pikseli njiani.