Wanawake Walioitwa "wa Faraja": Yanayosemwa na Yaliyotokea

Jina lenyewe ndilo dhana potofu ya kwanza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Japani liliwaweka wanawake na wasichana katika vituo ambako walilazimishwa kulala na askari wake, nalo likawaita ianfu, yaani wanawake wa faraja, na neno hilo hadi leo humfanya msikilizaji wa mbali adhani kwamba walikuwa makahaba waliolipwa kwa kazi waliyoichagua wenyewe. Kim Bok-dong alikuwa na umri wa miaka 14 alipochukuliwa kwao Korea, familia yake ikiambiwa kwamba anakwenda kushona sare za jeshi kiwandani. Cherehani hakuiona. Alifikishwa katika kituo cha askari kusini mwa China, kisha akahamishwa pamoja na jeshi hadi Malaya na Indonesia. Wengine waliuzwa na madalali, wengine walinyakuliwa vijijini mwao mchana kweupe. Njia za kuwapata zilitofautiana, lakini walionusurika wameeleza jambo lilelile: ukishaingia, huna ruhusa ya kukataa.

Huu pia si ugomvi wa Korea na Japani peke yao, ingawa ndivyo unavyosimuliwa mara nyingi. Waathirika walitoka China, Taiwan, Ufilipino, Indonesia, Malaya na Timor ya Mashariki, na hata miongoni mwa Waholanzi waliofungwa kambini kisiwani Java. Mmoja wa Waholanzi hao, Jan Ruff-O'Herne, alinyamaza kwa takriban miaka 50 kabla ya kusimama hadharani mwaka 1992, baada ya kuwaona wanawake wa Korea kwenye televisheni na kuona kwamba hawapaswi kuachwa peke yao.

Wapo wanaodai kwamba hakuna hati, bali maneno ya vikongwe tu. Ni kweli kwamba kumbukumbu nyingi za jeshi zilichomwa moto Agosti 1945, vita vilipokuwa vikimalizika. Hata hivyo, Januari 1992 mwanahistoria Yoshimi Yoshiaki alitangaza hati alizozikuta katika maktaba ya Idara ya Ulinzi ya Japani, zinazoonyesha mkono wa jeshi katika kuanzisha vituo hivyo na kusimamia upatikanaji wa wanawake. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali yenyewe, kwa kinywa cha Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, Kono Yohei, ilikiri kwamba jeshi lilihusika na kwamba wengi walichukuliwa bila ridhaa yao. Zaidi ya hayo, sisi ambao historia za koo zetu zimehifadhiwa vinywani mwa wazee hatuna sababu ya kuudharau ushahidi wa mdomo. Linalotakiwa ni kuulinganisha na ushahidi mwingine, na kazi hiyo imefanyika.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile isemayo kwamba kufundisha mambo haya ni kueneza chuki dhidi ya Wajapani. Yoshimi ni Mjapani. Ienaga Saburo, aliyeishtaki serikali kuanzia mwaka 1965 hadi 1997 kwa sababu ya kukaguliwa na kukatwa kwa vitabu vyake vya historia vya shule, alikuwa Mjapani, na mwishowe Mahakama ya Juu ya Japani ilikubali kwamba ilikuwa kosa kumwamuru aondoe maelezo kuhusu Kikosi 731 cha jeshi la Japani, kilichowafanyia binadamu majaribio ya silaha za vijidudu kule Harbin, China. Mwandishi wa habari Matsui Yayori, naye Mjapani, alikuwa mstari wa mbele kuandaa baraza la wananchi lililoketi Tokyo Desemba 2000 kusikiliza kesi ya wanawake hao, ambayo mahakama ya kimataifa iliyowahukumu viongozi wa Japani baada ya vita, mwaka 1946 hadi 1948, haikuishughulikia ipasavyo. Baraza hilo halikuwa na uwezo wa kumfunga mtu, lakini waathirika kutoka nchi mbalimbali walisikilizwa humo kwa taratibu za kisheria, mbele ya majaji wanne. Mmoja wao alikuwa Mkenya, Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Kuhusu msamaha, pande zote mbili hukosea. Si kweli kwamba Japani haikuwahi kuomba radhi. Mfuko ulioundwa Japani mwaka 1995 uliwapa waathirika fedha zilizochangwa na wananchi, pamoja na barua ya waziri mkuu. Wala si kweli kwamba waliozikataa fedha hizo walikuwa wakaidi au walitaka nyongeza. Walitaka dola iwajibike kisheria, si kupewa sadaka. Makubaliano ya Desemba 2015 kati ya Seoul na Tokyo yaliahidi yeni bilioni 1, lakini yalifikiwa bila waathirika kushirikishwa ipasavyo, na baadhi yao waliyapinga.

Maandamano ya kila Jumatano ya kudai haki ya waathirika mbele ya ubalozi wa Japani mjini Seoul yalianza tarehe 8 Januari 1992. Yalipofika mara ya 1,000, Desemba 2011, iliwekwa hapo sanamu ya msichana aliyeketi kitini, ngumi zimekunjwa mapajani, visigino havigusi ardhi, na ndege mdogo begani. Kivuli chake kilichochorwa chini ni cha bibi kizee. Kiti cha pembeni kiko tupu ili mpita njia aketi, na baridi inapokaza watu humvika kofia na skafu. Wapo wanaoiita sanamu hiyo uchokozi. San Francisco ilipopokea mnara wake wenye maana hiyohiyo, mji wa Osaka, Japani, ulivunja mwaka 2018 udugu wa miji kati yao uliodumu tangu 1957. Mimi nimeitazama picha ya sanamu ya Seoul mara nyingi, na sijaona humo ila mtoto anayesubiri.

Mwaka 2012 Kim Bok-dong na mwenzake Gil Won-ok walitangaza kwamba fidia yoyote watakayopata kutoka Japani itakwenda kwa wanawake waliobakwa katika vita vya leo, na mfuko ukaanzishwa kwa jina la Kipepeo. Miongoni mwa wa kwanza kufikiwa na msaada wake walikuwa wanawake wa Kongo.