Nusu kaputi moja fupi haidumazi akili ya mtoto

Kwa miaka mingi wazazi wameambiwa kwamba mtoto mdogo akipigwa nusu kaputi, akili hudumaa. Hofu hii ina chanzo: dawa hizo zilidhuru ubongo wa wanyama wachanga maabara, na Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo. Lakini onyo lenyewe lilihusu matumizi ya zaidi ya saa 3, au ya kurudiarudia, kwa watoto chini ya miaka 3 na kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho.

Utafiti wa kimataifa uitwao GAS uliwahusisha vichanga 722 wa upasuaji wa ngiri, baadhi kwa nusu kaputi ya takriban saa moja, wengine kwa ganzi wakiwa macho. Walipopimwa wakiwa na miaka 5, akili zao hazikutofautiana.

Mimi huhofia zaidi tumbo lenye chakula wakati wa nusu kaputi. Mtoto analia njaa, bibi kwa huruma anamlisha vijiko viwili vya uji. Akishalazwa kwa dawa, uji unaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida maziwa ya mama husimamishwa saa 4 kabla ya nusu kaputi, ya kopo na uji saa 6 kabla. Na ngiri iliyobana, ukiiahirisha kwa kuogopa dawa, huozesha utumbo.