Nane Nane ni ya Wote, Banda Lijengwe Hivyo

Kila msimu wa Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya kila Agosti nchini Tanzania, malalamiko yanayofika ofisini kwetu hujirudia: banda lina ngazi tupu, mkalimani hayupo, mtaalamu anaeleza mbegu kwa kuonyesha bango kwa kidole huku mbele yake kasimama mkulima asiyeona. Waoneshaji wengi wana nia njema. Nia njema haipandishi kiti mwendo.

Sakafu ikiinuliwa sentimita 30, mteremko wake uwe na urefu wa mita 3.6, kwa uwiano unaokubalika wa 1 kwa 12. Ubao wa mita moja uliolazwa juu ya ngazi ni mtego. Sakafu ikibaki usawa wa ardhi, gharama hiyo yote inaondoka, lakini ushauri huu hausikilizwi. Mkalimani wa lugha ya alama naye hatafutwi tarehe 7 Agosti jioni.

Lipo ombi tunaloletewa mara kwa mara: watu wenye ulemavu watengewe banda lao. Hapana. Kikundi kilichokopeshwa kutoka ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu kinauza asali, basi kikae na wauza asali wenzake, wateja walipo. Wamasai na Wahadzabe nao huitwa kusimama getini wapigwe picha, ilhali bidhaa zao hazina hata meza. Mabanda ya kuonyesha mifugo tayari yapo, hatuhitaji mengine ya kuonyesha watu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila, dini na hali ya maisha, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ina kifungu cha adhabu. Makala haya ni ya elimu tu, hayachukui nafasi ya ushauri wa kisheria.

Mwenye lalamiko aanze na kamati ya maonyesho, siku hiyohiyo, akitaja namba ya banda, saa na huduma aliyonyimwa. Barua igongwe mhuri wa kupokelewa, naye abaki na nakala. Asiporidhika, amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akikwama hapo, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi, bila malipo. Video ya kulalamika iliyorushwa mtandaoni usiku hatuwezi kuifungulia jalada.