Mlango wa nje mjini Tanga: tunayoambiwa na ukweli wake

Anayebadilisha mlango wa mbele hapa Tanga huuliza kwanza, "Niweke mbao au chuma?" Majibu hayakosekani, ila mengi yametoka bara kwenye hewa kavu, au kwa muuzaji mwenyewe. Kwetu kinachoua mlango ni chumvi ya bahari na maji yanayotuama mahali usipopaona.

"Chuma unaweka na kusahau."

Dhana hii ndiyo inayowatia watu hasara kubwa. Chumvi inayoletwa na upepo hutua juu ya chuma na kuvuta unyevu wa hewani, hivyo kutu huanza hata siku isiyo na mvua. Milango mingi inayoletwa kutoka China, ile iliyopigwa rangi ifanane na mbao, ni bati jembamba lililokunjwa, na ndani mara nyingi kuna karatasi ngumu tu. Maji ya masika yakipenya ukingo wa chini, karatasi inalowa na bati linaliwa kwa ndani. Ukiona rangi imetoa vijipele karibu na kizingiti, ujue kazi ya kutu ilianza zamani.

Ukiwa umeamua chuma, uliza unene wa bati kwa milimita na kama limepakwa zinki kabla ya rangi. Kisha ingiza vidole chini ya mlango upapase maungio. Mlango wa fundi wa kuchomelea huwa mnene zaidi na hutengenezeka ukiharibika, lakini kila mahali alipochomelea pasuguliwe hadi chuma king'ae, papakwe praima (rangi ya kwanza) ya kuzuia kutu, ndipo rangi ifuate. Rangi iliyopakwa juu ya masizi hubanduka mapema. Na kama mlango unatazama magharibi, kumbuka chuma hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko mbao.

"Mbao zitaliwa na mchwa."

Mbao zipi? Kiini cha mvule, mninga, mkongo au msaji hustahimili mchwa na kuoza kwa miaka mingi. Bagamoyo ipo milango ya kuchongwa tangu karne ya 19, na bahari iko pale pale. Kinacholiwa upesi ni ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Msaji tunao jirani, katika shamba la serikali la Longuza kule Muheza, lakini ubao wa mti mchanga huwa na weupe mwingi hata ukiitwa msaji. Geuza kila ubao utazame kingo zake. Weupe kwenye mguu wa fremu unaogusa sakafu, ukatae bila kuona haya.

Paini isiyotiwa dawa haifai nje. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ndiyo kabisa: ikishakunywa maji huvimba na hairudi.

"Mlango ukibana wakati wa masika, mbao ni mbovu."

Ubao hutanuka kwa upana ukipata unyevu, urefu haubadiliki sana. Ndiyo maana kwenye mlango wa paneli, paneli huachwa huru ndani ya mfereji wake. Fundi akiigandisha kwa gundi, itapasuka kiangazi. Seremala akija na randa mwezi wa nne, mzuie asiurande sana, maana ikifika Januari mtabaki na mwanya.

Ubovu wenyewe mara nyingi uko kwenye upakaji. Mlango hupakwa vanishi ukiwa tayari umening'inizwa, kwa hiyo ukingo wa juu na wa chini hubaki bila vanishi, na huko kwenye ncha za ubao ndiko maji yanakonywewa kwa kasi. Ung'olewe kwenye bawaba, ulazwe, upakwe nyuso zote sita. Vanishi iwe ya nje. Ya ndani haiwezi jua letu.

"Alumini haishiki kutu."

Kutu nyekundu, kweli, haishiki. Lakini chumvi huitoboa vishimo na kuacha unga mweupe, hasa kandokando ya skrubu za chuma cha kawaida: metali hizo mbili zikigusana penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Dai skrubu za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), na uuoshe mlango mara kwa mara kwa maji ya bomba. Wa plastiki mwachie bafu.

"Mlango mzito ndio usalama."

Mwizi hahangaiki na ubao. Anapiga pale ulimi wa kitasa unapoingia kwenye fremu, au anang'oa pini za bawaba zilizobaki nje. Fremu ishikwe na ukuta sawasawa, na skrubu za bawaba ziwe ndefu. Kwa nyumba za Raskazone, kando ya bahari, bawaba na kitasa viwe vya stenlesi ya daraja la 316, kwa kuwa ya daraja la 304 hutoa madoa karibu na bahari. Nenda dukani na sumaku ndogo: kitasa kinachong'aa lakini kikang'ang'ania sumaku, mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu.